Mwalimu akiombwa kugombea: Solomon Eliufoo wa Machame, na wazee waliokuja kwangu Jumapili

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku wilaya ya Hai, mwaka wa kumi na nne sasa. Jumapili iliyopita baada ya ibada wazee wanne walinifuata nyumbani. Walikunywa chai, wakauliza ng'ombe anatoa lita ngapi, wakaulizia migomba iliyoangushwa na upepo, na mimi moyoni nikajua hawa hawakuja kwa ajili ya migomba. Mkubwa wao, ambaye tunamwita Meku hata sisi tusio wajukuu zake, akaweka kikombe chini akasema: "Mwalimu, tumekaa tukakubaliana. Uchaguzi ujao tunataka udiwani uje kwako. Tumechoka na mtu wa maneno, tunataka mtu wa daftari."

Nikawaomba muda. Tangu siku ile kuna mtu mmoja hanitoki kichwani, na ndiye aliyenifanya nifungue uzi huu. Solomon Eliufoo.

Ukiwatajia watoto jina hili wanakutazama tu, hata waliozaliwa Machame kwenyewe. Nafundisha historia, kwa hiyo linaniuma. Huyu alikuwa mwalimu. Alitoka Machame, kule ambako wamisionari wa Leipzig walifungua kituo cha Nkwarungo mwaka 1893, shule ikazoeleka vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani, mapema kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Alisoma hadi Makerere, akafundisha, akaenda kusoma Marekani na Uingereza, na aliporudi nyumbani miaka ya hamsini ikielekea mwisho akakuta mlima mzima wa Kilimanjaro unachemka.

Kwa wasiojua: zamani kila nchi ndogo huku mlimani ilikuwa na mangi wake, yaani chifu. Mwaka 1946 Waingereza wakaigawa Uchagga mafungu matatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila fungu na mangi mwitori juu ya wamangi wengine. Watu wakadai mmoja wa kuwaunganisha wote, na Thomas Marealle wa Marangu akachaguliwa, akasimikwa Mangi Mkuu mwaka 1952. Kahawa ilikuwa na bei. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoandikishwa mwaka 1933, ilikuwa na nguvu. Baraza la Wachagga lilikuwa na bendera yake, gazeti lake la Kiswahili lililoitwa Komkya, na sikukuu ya Mangi Mkuu kila tarehe 10 Novemba.

Halafu likaja swali ambalo mpaka leo naona ni swali la kiualimu kabisa: huyu tuliyemchagua anakaa hadi lini? Wakubwa wengine walisema maisha. Wengine wakasema hapana, mtu wa kuchaguliwa lazima arudi kwa waliomchagua. Waliosema hapana wakaunda Chagga Democratic Party, wakashikana mkono na TANU, na mbele yao alikuwa mwalimu Eliufoo. Februari 1960 ikapigwa kura ya maoni. Wachagga walio wengi wakasema wanataka rais wa kuchaguliwa kwa muda maalumu, si Mangi Mkuu. Mwaka huohuo Eliufoo akawa Rais wa Wachagga.

Kinachonikosesha usingizi ni kilichofuata. Kufikia 1963 nchi huru ikafuta utawala wa machifu na mabaraza ya kikabila, na kile kiti alichokipigania kikafutika pamoja navyo. Yeye wakati huo alikuwa ndani ya serikali hiyohiyo, Waziri wa Elimu. Mtu aliyepigania kiti kiwe na mwisho alikiona kinakwisha kabisa, akaendelea na kazi.

Naomba mawazo yenu. Mwalimu akitoka darasani kwenda kwenye siasa za kwao, anapeleka nini huko? Na anaacha nini nyuma?

Kahawa Mbichi

Mkuu asante kwa uzi. Naongezea kidogo uchaguzi wa 1958 wa Baraza la Kutunga Sheria maana hukuugusa, na ndiko Eliufoo alikoanzia siasa za kitaifa.

Uchaguzi ule ulikuwa wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kumpigia Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, usipofanya hivyo kura yako imeharibika. Na si kila mtu alipiga. Ilibidi uwe umefika darasa la nane, au una kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au una cheo kinachotambuliwa. TANU walibishana sana Tabora Januari ile kama washiriki au wasuse, Nyerere akawashawishi washiriki, Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake. Kwetu Jimbo la Kaskazini watatu waliopita ni Eliufoo, Derek Bryceson aliyekuwa mkulima, na Sophia Mustafa wa Arusha.

Sasa fikiria hilo sharti la darasa la nane. Nani aliwafikisha watu darasa la nane? Walimu. Mpiga kura wa 1958 alikuwa na mwalimu anayemkumbuka kwa jina, na mara nyingi huyo mwalimu alikuwa ndiye anayemweleza karatasi ya kura inakunjwaje. Kwa hiyo mwalimu kushika uongozi wakati ule halikuwa jambo la ajabu. Watu walijua tayari kwamba anaamka mapema.

Kuna lingine. Mwaka 1953 serikali ya mkoloni ilikataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Walimu wa shule za serikali wakafungwa mdomo. Wa shule za misheni ndio waliobaki na upenyo, nao pia walibanwa. Nyerere mwenyewe alikuwa Pugu, shule ya Wakatoliki, na mwaka 1955 ilimbidi achague moja, akaacha ualimu. Mshahara ulikwisha siku hiyohiyo.

Njia ya Marangu

Mbe mwalimu, nimekusoma kwa heshima ila siwezi kunyamaza. Uzi wako umeandikwa kutoka upande wa Machame.

Mangi Mkuu Marealle hakuwa mfalme wa kulala. Alisoma nje, alijua Kiingereza kuliko maofisa wengi waliomzunguka, na mwaka 1957 alikwenda Umoja wa Mataifa akasimama mbele ya Baraza la Udhamini akaisemea Tanganyika. Ndiye aliyewafanya Wachagga wa Rombo, wa Kibosho na wa Machame wajione ni watu wamoja. Kabla ya hapo mtu wa Kibosho na mtu wa Machame walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na wewe mwalimu wa historia unalijua hilo. Shule, barabara, na huo moyo wa watu kuchangia maendeleo yao wenyewe, vyote vina mkono wa baraza lile.

Bibi yangu alikuwa mwanamke wa Marangu ambaye hakusoma. Alikuwa na kanga na kikombe alivyovitunza tangu sikukuu moja ya Novemba. Kikombe kilikuwa na ufa kwenye mkono, hakuruhusu mtu akinywee. Tulipokuwa tunamuuliza habari za 1960 alikuwa anasema neno moja tu: "Walimwaibisha." Hakuwa anazungumzia katiba. Alimzungumzia mtu aliyewapa heshima, halafu wakamtoa kwa karatasi.

Kwa hiyo unapouliza mwalimu anapeleka nini kwenye siasa, ongeza na hili: anapeleka ugomvi wa kwao pia. Machame na Marangu walikuwa na lao kabla Eliufoo hajazaliwa.

Mwalimu wa Zamu

Njia ya Marangu, nimepokea. Umesema kweli, na nitakuwa mwongo nikidai Machame hawakuwa na kisasi chao. Familia ya Shangali, wamangi wa Machame, ilikuwa na uzito wake Hai, na kuwekwa chini ya mtu wa Marangu kuliwachoma wengi. Wengine walimfuata mwalimu kwa sababu ya hoja, wengine kwa sababu anatoka bonde lao. Kura haitenganishi.

Hilo neno la bibi yako nimelisoma mara tatu. Sikuwahi kulifikiria hivyo darasani. Nitalipeleka kwa wanafunzi, nikitaja tu kwamba ni neno la bibi mmoja wa Marangu, kama hutajali.

Lakini bado nasimama na ile hoja ya muda. Mtu mwema asiye na mwisho wa muda anakuwa mzigo hata kwa wanaompenda, maana hawana siku ya kumwambia pumzika. Shuleni tuna zamu. Wiki yako ikiisha unampa mwenzako daftari la zamu, hata kama wewe ndiye hodari kuliko wote. Na huyo mwenzako anaandika mpaka yale uliyoyaacha bila kufanya.

Diwani Mstaafu

Mdogo wangu, nimekuwa nikisoma tu humu miaka mingi ila leo acha niandike. Nilifundisha miaka kumi na tisa, nikawa diwani vipindi viwili mkoa huuhuu. Kata sitaitaja.

Wazee wako wamekuambia wanataka mtu wa daftari. Vizuri. Ila ujue diwani anafanya nini hasa, usije ukaingia kama nilivyoingia mimi.

Wewe ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata ndiye katibu. Kila robo mwaka unakwenda kwenye Baraza la Madiwani, mkurugenzi ndiye katibu huko, na mkurugenzi hakuchaguliwa na watu wako, ameteuliwa na Rais. Wewe husaini hundi. Unachoweza ni kuuliza, kupitisha bajeti, na kukataa kupitisha. Basi. Mwalimu aliyezoea kusema "fungueni ukurasa wa arobaini" na watoto wakafungua, anapata shida sana mwezi wa kwanza.

Halafu yale ambayo watu wanakudai wewe, mengi hayako kwenye halmashauri tena. Barabara za vijijini na mitaa ziko TARURA tangu 2017. Maji vijijini yako RUWASA tangu 2019. Mvua za masika zikikata kivuko hawaendi TARURA, wanakuja mlangoni kwako saa kumi na moja alfajiri na viatu vyenye matope, na wana haki, maana kura walikupa wewe. Nilijifunza kuwa na daftari la barua. Kila nilichoomba, nilimwomba nani, tarehe ngapi, amejibu nini. Kwenye mkutano wa hadhara nilikuwa nasimama nalo nasoma. Mara ya kwanza watu waliguna. Mara ya tatu walikuwa wananiuliza, "Ile barua ya mwezi wa pili imejibiwa?" Hapo nikajua wameanza kufuatilia wenyewe, na ofisi nazo zikaanza kujua kwamba kata hii inakumbuka.

Hicho ndicho mwalimu anachopeleka huko. Kumbukumbu iliyoandikwa. Ufasaha wa kuongea kila mtu anao.

Sasa nikwambie gharama. Jumamosi zako zimekwisha. Sisi huku tunazika nyumbani, kihambani, na kila msiba unataka diwani aje, akae mbele, aseme neno, na atoe kitu mbele za watu. Misiba mitatu kwa siku moja nimeihudhuria. Posho ya udiwani iliishia huko, na mshahara wa ualimu ulikuwa umeshakoma. Mwaka wa pili nilikopa ada ya mtoto wangu mwenyewe. Mke wangu hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko angelalamika.

Na kabla hujachukua fomu, nenda kwa afisa utumishi wako ukae naye chini, usome waraka wa watumishi wanaogombea nafasi za siasa, uliopo siku hiyo, kwa macho yako. Usisimuliwe na mtu kwenye kijiwe. Namfahamu mwenzangu aliyesimuliwa vibaya. Alishindwa uchaguzi, na kazi akaikosa.

Mama wa Mbuyuni

Mwanangu mwalimu, mimi ni mfanyabiashara wa soko la Mbuyuni hapa Moshi, nauza maharage na mahindi ya jumla. Sijui habari za mamangi, nilizaliwa baadaye.

Nataka kusema la mikopo. Ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Kikundi chetu cha wanawake kumi tuliandika maombi mara mbili yakarudi. Mara ya kwanza tuliambiwa katiba ya kikundi haijakaa sawa, mara ya pili mihutasari haionyeshi nani alihudhuria. Diwani wa tulikokuwa wakati ule alikuwa mwalimu wa sekondari zamani. Hakutusukumia pesa, wala hakumpigia mtu simu. Alikuja na kalamu nyekundu, akakaa kwenye gunia la maharage tangu saa nane mpaka jua linazama, akatusahihishia mihutasari yote, mstari kwa mstari. Akamwambia katibu wetu, "Andika saa mliyoanza. Andika saa mliyofunga. Aliyechelewa andika amechelewa." Kazi ya mikono yetu ikaeleweka kwenye karatasi. Tulipata.

Mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023, vikundi vingi vikavunjika hapohapo. Iliporudi mwaka uliofuata sisi tulikuwa bado tunakutana na tunaandika. Daftari la sasa ni la tano. Kama unakwenda kufanya hivyo, nenda mwanangu.

Kijana wa Pasua

Mwalimu samahani kama nitakukwaza, sina nia hiyo.

Nikiwa kidato cha pili mwalimu wetu wa hesabu aliondoka akagombea. Alikuwa bora kuliko wote. Alikuwa akiona hujaelewa anachora upya, kwa mifano ya kahawa na debe, mpaka ushike. Aliondoka katikati ya mwaka. Tukaambiwa atakuja mwingine. Hakuja hadi tunamaliza. Darasa letu la watu sabini na kitu, waliofaulu hesabu wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mimi si mmojawapo. Leo naendesha bodaboda. Naipenda kazi yangu, inanilisha na watoto wangu, ila nilitaka ufundi umeme na hesabu ndizo zilizonizuia.

Alishinda, na watu wanamsifu. Nikikutana naye namwamkia kwa heshima zote na yeye ananikumbuka kwa jina. Sijawahi kumwambia.

Ninyi mnauliza mwalimu anapeleka nini kwenye siasa. Mimi nipo kwenye kile anachoacha.

Kahawa Mbichi

Kijana wa Pasua, ndugu yangu, hii ndiyo comment ya uzi.

Na ukirudi kwa Eliufoo, hilo swali lilimfuata hata wizarani. Alikuwa Waziri wa Elimu wakati nchi ina upungufu mkubwa wa watu waliosoma. Shule zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi ziliunganishwa kuanzia 1962. Ada za sekondari zikaondolewa 1964. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar wakaandamana kupinga masharti ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, karibu mia nne wakarudishwa makwao, na Mwalimu Nyerere siku hiyo akapunguza mshahara wake kwa asilimia ishirini. Halafu Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, ikatoka sera ya Elimu ya Kujitegemea. Yote hayo yalipita kwenye wizara ya mtu aliyewahi kushika chaki. Nchi ilikuwa inawachota walimu kuwafanya wakuu wa wilaya, makatibu, mabalozi, mawaziri, na madarasani hapakuwa na wa kuziba nafasi zao. Kila aliyepandishwa aliacha ubao.

Njia ya Marangu

Kijana, pole sana. Na mimi namwomba mwalimu alijibu hili kabla ya jambo lingine lolote. Ya Mangi Mkuu tutabishana wiki nyingine.

Mwalimu wa Zamu

Nimekaa siku tatu bila kujibu, mnisamehe. Sikuwa na la kusema lililostahili.

Jumatatu niliingia darasa la saba na hiyo comment kichwani. Nina watoto themanini na wanne mwaka huu. Nilipokuwa naita mahudhurio nilijikuta naangalia kila uso baada ya jina, kitu ambacho nilikifanya miaka ya mwanzo, halafu wingi wa watoto ukanizoesha kuita jina nikiwa nimeinamia daftari. Kuna msichana anakaa dawati la nyuma, haongei, nilidhani hajui. Nikampa chaki aje ubaoni afanye kipeo cha pili. Alifanya njia ambayo sikuwafundisha, ya kaka yake, na jibu lilikuwa sahihi. Darasa zima likakaa kimya likimtazama.

Jana jioni nikaenda kwa Meku. Nilimkuta anapalilia kahawa zake chini ya migomba, nikachukua jembe lingine tukaenda naye mstari kwa mstari. Nikamwambia hivi: sijakataa. Ila darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa mwezi wa tisa, na siwezi kuwaacha wala kuanza kuzunguka vikaoni wakati wananitegemea. Baada ya hapo nitakwenda kwa mwalimu mkuu na kwa afisa elimu kata, nijue nani atashika masomo yangu, jina lake, si "atakuja mwingine". Lisipopatikana jina, sichukui fomu. Likipatikana, nitagombea kipindi kimoja, na nitalisema hilo kwenye mkutano wa kwanza mbele ya watu ili wanikumbushe.

Meku alikasirika. Akasema mtu hagombei huku anatangaza siku ya kuondoka, watu watasema hana nia. Nikamwambia kuna mtu wa hapa Machame alisimama mbele ya mlima mzima akadai kiti kiwe na mwisho, na mlima ukampa kura.

Aliendelea kupalilia hadi mwisho wa mstari. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, "Huyo Eliufoo, alikufundisha nani habari zake?"

Nikamwambia, wewe. Nilikuwa darasa la nne, ulikuja shuleni kwetu siku ya wazazi ukatusimulia ulivyokuwa kijana wa 1960, baba yako akirudi kutoka kupiga kura.

Alisimama na jembe lake. Akasema nije na wale wazee wengine mwezi wa kumi, mtihani ukishaisha, na nije na jina la mwalimu atakayeshika darasa limeandikwa.

Kijana wa Pasua, nitumie ujumbe. Jumamosi mchana huwa nina saa mbili, na hesabu za kuingilia ufundi umeme si nyingi kama unavyofikiri. Tutaanzia na debe na kahawa.